Daftari lenye pande mbili

Jumapili, saa nne usiku. Baridi ya mwezi wa sita hapa Uyole, Mbeya, si ya kusimulia. Nimevaa soksi mbili mbili, nimekaa karibu na jiko la mkaa huku mlango wa jikoni nikiuacha wazi kidogo, maana moshi wa mkaa hauna urafiki na mtu. Watoto wamelala. Mbele yangu kuna daftari la kurasa 96 lililochakaa, nami nataka kuandika habari zake kabla sijaona aibu na kughairi.

Wiki tatu zilizopita nilimpeleka kijana wangu wa mwisho kliniki. Ana mwaka mmoja na miezi saba. Dada wa kliniki akamlaza kwenye ubao wa kupimia urefu, akamnyoosha magoti, akasoma, akasoma tena, kisha akaweka nukta kwenye kadi. Uzito si mbaya, akasema, ila kimo hakiendi. Halafu akaniuliza, bila ukali wowote, "Mama, jana mtoto alikula nini?"

"Ugali na mboga."

"Mboga gani?"

"Chainizi."

"Na juzi?"

Nikakaa kimya. Si kwamba nilisahau. Nilikumbuka vizuri, ndiyo maana nilinyamaza.

Akaniambia niende nikaandike siku saba, kila kitu kinachoingia kinywani mwa yule mtoto. "Usiandike cha kunifurahisha," akasema. Nilitoka pale nimenuna kama mwanafunzi aliyeambiwa arudie darasa.

Nyumbani daftari lililokuwa karibu ni lile la biashara, la kuandikia tunavyouza. Nikaligeuza juu chini, nikaanza kuandika kwa nyuma. Siku ya saba nikahesabu: ugali mara kumi na moja, chainizi mara nane, uji mweupe wa mahindi kila asubuhi, maharage mara mbili, ndizi za kuchemsha mara moja. Yai, hakuna. Maziwa, yale ya kuwekea chai. Parachichi, nusu, tena lilikuwa limepondeka.

Kisha nikaligeuza tena, upande wa mbele. Wiki ileile: trei moja ya mayai imeuzwa, sado tatu za maharage zimeuzwa, parachichi zimechukuliwa na dalali shambani kwetu Isongole, zile nzuri zote. Daftari ni moja, wiki ni moja, nyumba ni moja. Chakula kilikuwepo. Kilipita tu hapa kwetu kikielekea soko la Mwanjelwa.

Nimezaliwa huku Nyanda za Juu Kusini na nimekua nikisikia tunasifiwa kuwa ghala la taifa, nami nikatembea kifua mbele. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Iringa, katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, karibu 57 wamedumaa. Njombe na Rukwa ni kama 50. Wastani wa nchi nzima ni 30. Yaani wenye mahindi ndio wenye watoto wafupi kuliko umri wao. Nilipoambiwa takwimu hizo zamani, nilidhani zinahusu watu wa kijijini ndani kabisa, wasio na kitu. Sikujua zinaweza kuhusu mtu mwenye kuku kumi na wawili.

Sisemi kila kitu ni mapishi. Kuna magonjwa ya kuharisha, kuna mama kula vibaya akiwa mjamzito, kuna kazi. Msimu wa kupanda viazi mimi naondoka alfajiri, mtoto anabaki na dada yake, namkuta jioni ameshinda na uji na kiporo. Tumbo lake ni dogo kama ngumi. Kumshibisha mara mbili kwa siku haiwezekani hata ukimpakulia sinia. Dada wa kliniki anasema umri huu ni milo mitatu hadi minne, na kitu kidogo katikati. Hilo ndilo lililonishinda zaidi, na bado linanishinda siku za shamba.

Nianze na maharage, maana ndiyo yaliyonifundisha mengi. Hapa Uyole ni nyumbani kwa maharage. Kituo cha utafiti wa kilimo kipo hapahapa, na kuna mbegu inaitwa Uyole 96. Sasa kwa nini nilikuwa nayapika mara mbili tu kwa wiki? Mkaa. Maharage ya hapa yanachemka mchana kutwa. Mama mkwe wangu, mtu wa Kyela, alikuwa akija kututembelea anashangaa: "Mwanangu, haya maharage yenu yana mifupa?" Kumbe si maharage, ni milima. Kyela iko chini kule Ziwa Nyasa, karibu mita 500 tu kutoka usawa wa bahari, sisi tuko kama mita 1,800. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha: kwetu yanatokota kwenye nyuzi kama 94, wakati kwao yanafika 98 hivi. Unaona mapovu, unadhani moto upo, kumbe maharage yanaoga tu.

Ndiyo maana huku tunapenda magadi. Kijiko kimoja, yanalainika haraka, mkaa unapona. Nami nilitia magadi miaka yote, hata kwenye mboga za majani ili zibaki kijani. Sasa najua magadi yanaua baadhi ya vitamini B za kwenye maharage na vitamini C ya kwenye mboga. Dawa yake ni ya bure, na bibi yangu alikuwa akiifanya: kuloweka usiku kucha, asubuhi unamwaga yale maji, unachemsha kwa maji mapya na mfuniko juu. Muda unapungua sana, na gesi tumboni inapungua pia, jambo ambalo wanaolala chumba kimoja nami wamelishukuru. Chumvi naweka mwishoni, kwa sababu madini joto hayapendi kuchemshwa muda mrefu. Nyanya na limao navyo vinaingia mwishoni, ili mwili uweze kuvuna madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage.

Chai je? Hapo ndipo ugomvi. Kutoka hapa ukishika barabara ya Tukuyu unapita mashamba ya chai mpaka macho yanachoka, sasa unamwambiaje mtu wa huku asinywe chai na chakula? Lakini chai inayazuia hayo madini ya chuma yasiingie mwilini. Nimeihamisha, nimeiweka saa moja baada ya kula. Mtoto simpi kabisa. Mimi mwenyewe, nakiri, Jumatano nilikunywa kikombe cha chai ya rangi huku nimeshika kijiko cha maharage.

Suala la dona lilikuwa la baba watoto. Amesoma shule ya bweni, na kwake dona ni adhabu. "Mke wangu, nimeshamaliza kifungo," akasema. Nikajaribu mara ya kwanza, ulikuwa mchungu kweli, akanitazama tu. Ndipo mzee wa mashineni akanieleza kosa langu: nilisaga ndoo nzima ya mahindi, unga nikauweka mwezi na nusu. Kile kiini cha mahindi kina mafuta, na mafuta yakikaa kwenye unga yanaharibika. Sembe inakaa sana kwa sababu kiini kimeondoka na pumba. Na pumba zetu zilikuwa zinakwenda wapi? Kwa nguruwe. Nguruwe wetu walikuwa wanakula vitamini, sisi tunakula wanga mweupe, kisha tunawauza nguruwe tununue vitamini za chupa. Sasa nasaga kidogo, ya wiki mbili, mahindi yaliyokauka vizuri na kuchambuliwa yale yenye ukungu. Baba watoto anakula. Hasifii, lakini anaongeza.

Unga wa lishe wa aina kumi na mbili siununui tena. Nafaka hata zikichanganywa bado ni nafaka. Afadhali uji wa aina moja, uwe mzito, halafu niutie maziwa au karanga zilizosagwa siku hiyohiyo.

Aliyenishangaza ni mama mkwe. Nilikuwa nikimwona mtu wa mambo ya kale. Alikuja wiki iliyopita na mfuko wa usipa, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka Matema, nikataka kuwakata vichwa niwakaange. Akaninyang'anya. Akawachambua mchanga, akawakausha kwenye chungu bila mafuta, akawatwanga wazima wazima na mifupa yao, akachekecha, akajaza kopo. Kijiko kimoja kwenye mboga ya mtoto. Majani ya maboga akayakata baada ya kuyaosha, si kabla, akayapika dakika chache kwa maji kidogo, akayaponda na parachichi. Nikamwambia, "Mama, kule kliniki wameniambia hivyohivyo, kwamba mboga za majani na viazi lishe vinahitaji mafuta kidogo ndipo mwili upate vitamini A."

"Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa. "Na mume wako nilimlea kwa kusoma kadi?"

Fedha sasa. Baba watoto aliuliza swali la haki: tukila mayai, sukari na sabuni vitatoka wapi? Tulibishana siku mbili. Tukakubaliana mayai kumi ya kila trei yabaki, na sado moja ya maharage isiguswe hata dalali apandishe bei. Pengo la fedha lipo, siwezi kudanganya. Tumepunguza soda za Jumapili na ile sukari ya vijiko vitatu kwa kikombe. Yule kijana anayekuja kukusanya mayai alipoona pungufu aliniuliza kama kuku wanaumwa.

Nimefungua daftari upande wa nyuma kuandika ya leo. Pa jana ni patupu. Jana nilichelewa kutoka Isongole, mvua ya manyunyu, gari likaharibika njiani, nikashuka stendi nikanunua chipsi mayai za watu wanne na tukala tumesimama jikoni. Naandika hivyohivyo: Jumamosi, chipsi mayai. Yai lilikuwemo, angalau.

Maharage nimeshaloweka, nimeyafunika na sahani na jiwe juu kwa sababu ya paka. Kesho ni kliniki, saa mbili.