Siku yangu moja: Kilwa mezani, na swali la binti yangu

Saa 11 alfajiri naamka, nyumba bado kimya, na hii saa moja na nusu kabla watoto hawajaamka ndo shule yangu mimi mwenyewe. Watu wakisikia nasomesha wanangu nyumbani wanadhani kazi inaanza watoto wakishakaa mezani, hapana jamani, inaanza hapa gizani, na somo linaloniamsha mapema kuliko yote ni historia. Hesabu nafungua kitabu, namwelekeza mtoto, anafanya zoezi, tumemaliza. Historia usipojiandaa unajikuta unawamezesha tarehe tu. Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo hivyo. Mkubwa wangu, sa hivi ana miaka 12, alikuwa anakutajia 1498 Vasco da Gama, 1884 Mkutano wa Berlin, bila kukwama, mpaka siku moja nikamuuliza haya, huyo Vasco da Gama alipofika pwani ya Afrika Mashariki alikuta nini? Akanikodolea macho. Hakujua kama kulikuwa na miji, na misikiti ya mawe, na watu wenye sarafu zao. Iliniuma sana maana mwalimu wake ni mimi.

Tangu siku ile kila somo la historia linaanza na swali moja tu, tumejuaje? Nani kasema, alikuwepo, na kuna nini hakukisema.

Leo ni Kilwa ya 1331, mwaka aliopita Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Nimechapa kipande cha maelezo yake, karibu ukurasa mmoja, nikakaa kukiweka kwenye Kiswahili chepesi ambacho binti yangu wa miaka 9 atakisoma mwenyewe bila mimi kumtafsiria. Kipande hicho nimeshakisoma mara nyingi, na kila mara nilikuwa nafurahia uzuri wa mji na ukarimu wa sultani. Ningekisoma kwa makini zaidi leo alfajiri ningejua kinachonisubiri.

Saa 12 na nusu wanaamka, kuanzia hapo mpaka saa 3 ni mambo ya kila nyumba, kufua, vyombo, kitanda kutandikwa vibaya na kutandikwa tena, mtu kamchukulia mwenzie soksi. Baba watoto anaondoka saa 1. Kitindamimba, miaka minne, kaamka na kalamu ya rangi ya zambarau mkononi na nilijua tu.

Kwenye korido tuna ukanda wa karatasi tumeugundisha ukutani, sentimita moja ni mwaka mmoja. Leo iko kwenye mlango wa jikoni, ukirudi nyuma mita moja umerudi miaka 100. Mwaka 1331 unakaa karibu mita saba kutoka jikoni, kwa hiyo korido imeisha, ukanda ukakunja kona ukaingia chumbani kwa watoto juu ya kitanda cha binti. Sasa huyu mdogo kapiga mstari wa zambarau kuanzia uhuru wa nchi za Afrika mpaka karibu na Napoleon. Nikamnyang'anya kalamu, akalia, kaka yake akapima ule mstari kwa rula akaniambia mama, ni sentimita 150 na zaidi, kachora karne moja na nusu. Nikauacha ule mstari.

Huo ukanda nausifia kwa kila mzazi ninayekutana naye. Mtoto ukimwambia miaka 174 haoni kitu, lakini kutoka Ibn Battuta kufika Kilwa 1331 mpaka Wareno chini ya Francisco de Almeida kuja kuuvamia na kuupora ule mji 1505 ni sentimita 174, mkubwa kalala chini sambamba na ukuta na bado hajafika. Siku nyingine tulitoka nje na kamba, sababu piramidi kubwa la Giza lingekuwa mita 45 na ushee kutoka jikoni, Cleopatra akawa mita 20 tu. Yaani yuko karibu na sisi kuliko na wajenzi wa piramidi. Walilihakiki wenyewe kwa miguu na mpaka leo hawajalisahau.

Saa 3 tunakaa. Binti ndo msomaji. Anasoma kwamba Kilwa ni mji mzuri, majengo yake ni ya mbao. Kaka yake anamkatisha, hapana, mbona jana tuliona picha ya magofu ya Husuni Kubwa, lile jumba la Kilwa, ni mawe ya matumbawe yale, vyumba zaidi ya 100 na lile bwawa lenye pembe nane! Na wanaakiolojia wanasema jumba lile ni la huyo huyo sultani aliyempokea Ibn Battuta, al-Hasan bin Sulaiman. Sasa nani muongo?

Hapa nilikuwa nimejiandaa. Nikawaambia kila mmoja achukue karatasi, asichungulie ya mwenzie, aandike mlango wa nyumba tuliyohama miaka mitatu iliyopita ulikuwa rangi gani. Mkubwa kaandika bluu. Binti kaandika kijani, na akapigia mstari kabisa. Nikatoa picha kwenye simu, mlango wa kahawia. Wakakaa kimya, af binti akasema lakini mama mimi sikudanganya. Ndo hivyo hivyo, Ibn Battuta alihadithia safari zake zaidi ya miaka 20 baada ya kupita Kilwa, mwingine akiandika, na katikati hapo kazunguka mpaka India na China na Mali. Huenda kwenye nyumba alizopita aliona mbao nyingi, huenda kachanganya na mji mwingine. Mawe hayasahau, lakini mawe nayo hayakuambii sultani alikuwa mtu wa namna gani. Tunahitaji vyote viwili.

Nilidhani hapo ndo kilele cha somo. Binti akaendelea kusoma.

Ikaja ile habari ya sultani, watu wakimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa jinsi alivyokuwa anatoa. Siku ya Ijumaa katoka msikitini, maskini mmoja kutoka Yemen akamzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani akabadilisha, akampa. Watu wakamsifu mno. Mtoto wa sultani akazichukua zile nguo, badala yake akampa yule maskini watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Binti akasimama hapo. Kaweka kidole kwenye neno. "Mama, hao kumi walitoka wapi?"

Kaka yake akajibu kabla yangu, si kumi, ni ishirini, kumi wa mtoto na kumi wa baba.

"Waliitwa nani?"

Nikamwambia hakuyaandika majina. Akaniuliza kwa nini ya sultani kayaandika yote, mpaka lile la utani, nikasema kwa sababu aliona sultani ndo habari. Hakuridhika na wala mimi sikuridhika. Nimeusoma ukurasa ule mara ngapi, nikitafuta neno jepesi la hiki na kile, nimeliandika neno watumwa kwa mkono wangu alfajiri hii hii nikaruka kwenda kwenye pembe za ndovu. Mtoto wa miaka 9 ndo kanisimamisha. Nikafunga daftari, nikamwambia swali lako ni zuri kuliko somo langu, nipe mpaka jioni.

Saa 6 mpaka saa 9 ni kazi yangu ya kulipwa, naandika hesabu za watu kwenye laptopu huku mdogo kalala na wakubwa wanasoma kimya kimya au wanagombana kimya kimya. Sina la kusimulia hapo, isipokuwa nilikosea jumla mara mbili maana akili ilikuwa kwa watu ishirini.

Saa 10 jioni tunakutana na wenzetu wawili wanaosomesha nyumbani kama sisi, mama mmoja wa watoto wanne na baba mmoja wa wawili, watoto wanacheza uwanjani sisi tunakaa pembeni tunaongea. Mara nyingi tunaongelea vitu vidogo vidogo, nani hataki kusoma kwa sauti, nani kaanza kujibu watu vibaya. Kuhusu historia tuna mabishano ya siku nyingi, yule mama anafuata mtiririko, zamani kuja leo, hataki kuruka hata hatua, yule baba anaanza na ukoo wa mtoto af anapanuka kwenda nje. Leo nikawawekea swali la binti mezani.

Yule mama akasema, "Shoga, miaka 9 bado mdogo. Mwache kwanza aupende mji." Na hakulisema kirahisi, mwanae wa kike aliwahi kuona picha ya watu waliofungwa minyororo kwenye kitabu na wiki nzima akawa halali peke yake. Tangu hapo kaweka sharti, hakuna picha ya mateso mbele ya mtoto mdogo.

Yule baba akatikisa kichwa. "Dada, huyo mtoto kashauliza. Ukimfunika sasa atajifunza kwamba maswali yake yana mipaka." Yeye kwake alianza na Chuma. Si na takwimu, si na minyororo, alianza na mtu mmoja mwenye jina, aliyetekwa angali kijana mdogo, akaachiliwa kutoka kwenye msafara wa watumwa 1861, na Livingstone, yule mpelelezi Mskoti aliyekuwa anasafiri naye, alipofariki 1873 akawa yeye na mwenzake Susi wanaongoza wenzao kuubeba mwili mpaka Bagamoyo, safari ya miezi na miezi. Mtoto anamjua kwanza Chuma kama mtu, af anajua alichofanyiwa.

Tukaongea mpaka tukasahau muda. Nilikubaliana na yule mama kuhusu picha, sharti lake nimelichukua moja kwa moja. Lakini kwa umri nimeshika upande wa yule baba, kwa sababu binti yangu hakuuliza kuhusu ukatili, aliuliza jina, na jina si jambo zito kwa mtoto wa umri wowote. Kitu kingine tulichokubaliana wote watatu ni kwamba tusiwaambie watoto hadithi ya soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873 basi mambo yakaisha. Sultani Barghash alilifunga kwa shinikizo la Waingereza, sawa, lakini sheria iliendelea kuutambua utumwa Zanzibar mpaka 1897. Kwenye ukanda wetu hizo ni sentimita 24. Nataka waziweke mkono juu yake, sentimita 24 za mtu anayeambiwa soko limefungwa na yeye bado ni mali ya mtu.

Na jingine gumu zaidi, kwamba walionunua na waliouza si wageni tu. Kwenye ukurasa wa Ibn Battuta mtoaji ni sultani wa Kilwa, mji ninaowafundisha wanangu wajivunie. Nitawafundisha wajivunie lile bwawa la pembe nane na wajue pia kuhusu wale ishirini.

Saa 1 usiku, baada ya kula, binti kaomba simu ampigie bibi yake, mama yangu mzazi. Sikumtuma. Kaweka sauti ya nje, daftari magotini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, umeshindaje?"

Hakujibu ameshindaje, akaenda moja kwa moja, bibi, mama yako aliitwa nani? Akatajiwa. Na mama yake mama yako? Akatajiwa, na wa ubavuni pia, bibi kafurahi kuulizwa, kila jina na habari yake, huyu alikuwa mrefu, huyu alikuwa hapendi kelele. Na mama yake huyo? Hapo simu ikanyamaza. "Huyo mjukuu wangu sikumkuta. Tulisikia tu wakimwita Bibi wa Kisimani, alikuwa anakaa karibu na kisima. Jina lake lenyewe halikutajwa mbele yangu."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza, mama. Na wa kumuuliza hayupo tena."

Mimi nilikuwa jikoni nakausha sahani, nikaacha. Miaka yote nimeongea na mama yangu kuhusu mambo yote ya dunia, hilo la Bibi wa Kisimani nimelisikia leo kwa sababu ya mtoto wa miaka 9.

Saa 2 na nusu nikakaa naye kitandani kama nilivyomuahidi. Nikamwambia majina ya wale ishirini hatutayapata, ila tunajua walikuwepo, na tunajua hilo kwa sababu mtu alitaka kumsifu sultani akawataja bila kukusudia. Kesho tutaanza na Chuma. Akauliza Chuma alikuwa na umri gani alipotekwa, nikasema alikuwa kijana mdogo, akasema sawa, akageukia ukutani.

Saa 4 nikapita kuzima taa. Mdogo kalala kichwa chini miguu kwenye mto, mkubwa kitabu kifuani. Nikaona kitu kwenye ukanda juu ya kitanda cha binti, nikamulika na simu. Chini ya 1331 kuna watu wadogo wadogo wa penseli, wamesimama mistari miwili, kumi juu kumi chini, nimewahesabu mara mbili, na mbele ya kila mmoja kaacha nafasi yenye kistari, kama zile ninazowawekea kwenye zoezi, za kujaza jina.