Nilivyosoma makadirio ya gharama za wakili nilipokuwa nanunua nyumba ya kwanza

Jumla iliyoandikwa chini ya makadirio ya wakili haikunisaidia kitu mpaka nilipoigawa mafungu mawili: pesa inayobaki kwa wakili kama ujira wake, na pesa inayopitia tu mikononi mwake kwenda serikalini, masjala ya ardhi, kwa mthamini na kwa benki. Fungu la kwanza lina nafasi ya kujadiliana. La pili halina, kwa sababu ushuru wa stempu (kodi ya serikali ya kuhamisha umiliki) na ada ya usajili ni zilezile hata ukimtumia wakili gani. Basi ofisi mbili zikitofautiana kwenye fungu la pili, mojawapo imesahau kitu, imekisia, au imejiongezea chake humo ndani.

Ili makadirio yaweze kulinganishwa, niliwaandikia mawakili wote maelezo yaleyale: bei ya nyumba, aina ya umiliki (wa kudumu au wa upangaji wa miaka mingi), kama kuna mkopo, wanunuzi ni wangapi, kama sehemu ya pesa ni zawadi ya ndugu, na kama muuzaji ni mtu binafsi, kampuni au warithi wa marehemu. Kila moja ya hizo huongeza kazi. Warithi lazima waonyeshe hati za usimamizi wa mirathi. Pesa ya zawadi huombewa barua ya mtoaji na uthibitisho wa ilikotoka. Usipoyataja mwanzoni, yatajitokeza katikati ya safari yakiwa na bei yake.

Ujira wenyewe hutozwa kwa namna tatu: kiasi kimoja kisichobadilika, asilimia ya bei, au kwa saa. Kwa ununuzi wa kawaida nilitaka kiasi kimoja. Kutoza kwa saa kunamwachia mnunuzi mzigo wa uzembe wa upande wa pili, maana wakili wa muuzaji akichelewa kujibu, saa za wakili wako zinaendelea kuhesabiwa. Ziko nchi ambako sheria imeweka kiwango cha chini cha ujira, na huko wakili anayejitangaza kuwa chini ya kiwango hicho ni wa kumwogopa kuliko wa kumkimbilia. Angalia pia kama bei imeandikwa pamoja na kodi ya ongezeko la thamani au bila. Kwa kawaida kodi hiyo hukaa juu ya ujira na huduma za wakili, si juu ya ushuru anaoulipa kwa niaba yako. Nikikuta imepigwa juu ya jumla yote, naomba hesabu irudiwe.

Ushuru wa stempu ndio mara nyingi hushinda gharama nyingine zote, na ndio watu huukosea zaidi kuukokotoa. Kwanza uliza kama unatozwa kwa bei yote au kwa ngazi. Tuseme 100,000 za kwanza hazitozwi na kinachozidi hapo kinatozwa asilimia 4. Nyumba ya 150,000 italipiwa asilimia 4 ya zile 50,000 za juu, yaani 2,000. Mtu anayepiga asilimia 4 kwa bei nzima atapata 6,000 na kuvunjika moyo bure. Kosa la kinyume ni baya zaidi: kudhani kuna ngazi pale ambapo hakuna. Pili, mahali pengine serikali haifuati bei ya mkataba bali thamani iliyopitishwa na mthamini wake ikiwa ni kubwa kuliko bei, kwa hiyo nyumba uliyoipata kwa bei nafuu inaweza kulipiwa kama ya bei ya soko. Tatu, msamaha wa mnunuzi wa mara ya kwanza, pale ulipo, huombwa kwenye fomu na una masharti yake. Mkinunua wawili na mmoja wenu amewahi kumiliki nyumba, mnaweza kuukosa wote wawili.

Mkopo una gharama zake pembeni. Benki humtuma mthamini wake na huweza kuwa na wakili wake, na anayewalipa wote ni mkopaji. Niliuliza wakili wangu kama anakubalika na benki kufanya kazi za pande zote mbili. Pale inaporuhusiwa, ni nafuu kuliko kulipa ofisi mbili zisome hati ileile. Kusajili rehani ni ada tofauti na kusajili uhamisho. Kuondoa rehani ya zamani ya muuzaji ni deni la muuzaji, ila hakikisha mkataba unasema hivyo waziwazi.

Baada ya hapo nilihamia kwenye maandishi madogo yanayotaja kisichojumuishwa. Humo ndimo ofisi ya bei rahisi inamofidia punguzo lake. Kuna ada ya kutuma pesa benki, ada ya kuthibitisha kitambulisho, ada ya kufungua jalada, na ada ya kuandaa hati ya kiapo. Hii ya mwisho huwakumba wengi bila kutarajia: jina kwenye kitambulisho likitofautiana na la kwenye hati miliki hata kwa herufi moja, msajili anaweza kurudisha maombi mpaka kiapo kipatikane. Linganisheni majina ya pande zote kabla mkataba haujachapwa. Kwa nyumba za ghorofa zenye uongozi wa pamoja, ongeza malipo ya taarifa za uongozi na kibali cha kuhamisha.

Ahadi ya “mauzo yasipokamilika hulipi” nayo isomwe taratibu. Mara nyingi inagusa ujira peke yake. Pesa ya upekuzi wa hati (kukagua kumbukumbu za nyumba masjala ya ardhi) ikishalipwa hairudi, na matokeo ya upekuzi huzeeka. Mauzo yakikokota sana, benki inaweza kudai upekuzi mpya, kwa gharama yako.

Hesabu ya mwisho, ile inayotumwa kabla ya kukamilisha ununuzi, niliipiga mwenyewe: bei, toa amana iliyokwisha kulipwa, toa mkopo, jumlisha gharama, kisha mgawanyo wa malipo ya mwaka. Muuzaji akiwa ameshalipa ada ya huduma ya 1,200 kuanzia Januari hadi Desemba, nawe unachukua nyumba mwisho wa Septemba, unamrudishia miezi mitatu, yaani 300. Akiwa hajalipa kabisa, mzani unageuka: anakuachia 900 za miezi yake tisa. Alama ya kujumlisha na ya kutoa ndiyo ya kukagua hapo, maana ikikosewa hasara inakuwa mara mbili ya kiasi chenyewe.

Namba ya akaunti ya wakili ichukuliwe mapema, ikiwezekana uso kwa uso. Ikija barua pepe inayosema akaunti imebadilika, usilipe. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Matapeli hulenga hasa siku za kukamilisha, wakati kila mtu ana haraka.

Kukamilisha si mwisho wa malipo. Ushuru una siku yake ya mwisho, na ukichelewa kuna faini. Jina lako nalo haliingii kwenye daftari la ardhi mpaka maombi ya usajili yapelekwe. Niliomba risiti ya kila kilicholipwa serikalini, nikazilinganisha na makadirio mstari kwa mstari. Pale kiasi kilichokatwa kilipozidi kilicholipwa, niliandika kuomba tofauti irudishwe, pamoja na nakala ya daftari la ardhi lenye jina jipya.