Ndimu, kitunguu saumu na maharage ya mdogo wangu

Mdogo wangu ni mjamzito, na kliniki walimwambia damu yake iko chini. Vidonge vya madini ya chuma anameza kama alivyoelekezwa, lakini mpishi wa nyumbani ni mimi, nikataka na chakula kimsaidie.

Maharage, choroko na ulezi vina chuma. Tatizo ni faiteti, kemikali ya asili iliyomo humohumo, inayoshikilia chuma na zinki visifyonzwe vizuri. Kwa hiyo maharage yanalala kwenye maji usiku kucha, na maji yale namwaga. Ulezi wa uji nauotesha kimea kabla ya kuuanika na kuusaga, maana mbegu ikichipua faiteti hupungua.

Ndimu naikamulia mezani, sufuria ikishaepuliwa. Vitamini C huharibika kwa moto, na ndiyo inayokifanya chuma cha mimea kifyonzwe kwa urahisi. Na vitunguu jamani! Watafiti wa Mysore, India, walipima maabarani, wakatoa matokeo mwaka 2010: kitunguu maji na kitunguu saumu vyote huongeza chuma na zinki inayopatikana kutoka kwenye nafaka na jamii ya kunde, mbichi na zilizopikwa. Sasa saumu siibanii kabisa.

Chai ya rangi tumeihamishia saa kumi jioni, mbali na mlo, kwa sababu inazuia chuma. Hapo tulivutana kweli, anaipenda mno. Wenye wajawazito nyumbani, anzeni na hilo la chai, halina gharama yoyote.