Siku moja maishani mwangu: samadi na mboga za majani kwenye mchanga wa Kisauni, Mombasa

Saa 11 alfajiri. Mchicha nang'oa kabla ya jua, jani likiwa bado limejaa maji. Ukingoja hadi saa 2, utafika soko la Kongowea umenyauka na bei imenyauka nao. Fungu, yaani kitanda cha kupandia mboga, likishabaki tupu nalitia samadi siku hiyo hiyo, kwa sababu mchicha hukaa shambani wiki 3 au 4 tu, na muda wote huo unakula naitrojeni.

Saa 1 asubuhi. Nazunguka mafungu nikitazama majani. Sukuma wiki ikiwa na majani manjano chini na kijani juu, naitrojeni imepungua: mmea unaihamisha kutoka jani zee kwenda jani changa. Kingo zikiungua zikawa kahawia, hapo shaka ya kwanza ni chumvi. Visima vya karibu na bahari vingi vina chumvichumvi, na samadi ya kuku ina chumvi yake. Zikikutana kwenye fungu moja mboga hudumaa. Fungu kama hilo halipewi tena samadi ya kuku. Nalimwagia maji matamu mengi yaishushe chumvi chini ya mizizi, kisha naendelea na samadi ya mbuzi iliyoiva.

Saa 3 asubuhi. Mkokoteni unaleta magunia ya samadi ya kuku wa nyama. Nafungua gunia na kunusa. Harufu inayochoma macho ni amonia, yaani naitrojeni inayotoroka, na hiyo hiyo ndiyo huunguza mizizi ya miche. Halafu natazama maranda. Yakiwa mengi na bado magumu, vijidudu vya udongoni vitachukua naitrojeni ili viweze kula mbao hizo, na mboga itageuka manjano juu ya samadi tele. Wengi hapo huongeza samadi zaidi, kumbe ilihitaji kuozeshwa kwanza.

Kwa hiyo yote inaingia kwenye lundo la mboji. Upana mita 1.5, kimo mita 1.2, urefu wowote. Chini vijiti vya kupitisha hewa, kisha tabaka la nyasi na mabua makavu sentimita 20, samadi sentimita 10, majani mabichi kidogo, maji, na kurudia. Ukikamua konzi moja, litoke tone moja au mawili. Likitiririka, lundo litakosa hewa na kunuka uozo. Dawa yake ni kuligeuza na kuchanganya makavu. Katikati nachomeka fimbo. Baada ya siku 4 au 5 nikiichomoa iwe ya moto hata kuishika ni shida. Joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vya kinyesi. Ikitoka baridi na kavu, lundo lina kiu. Ikitoka baridi na yenye unyevu, samadi ni chache.

Lundo la zamani nageuza kila wiki 2, la nje liingie ndani, na huiva kwa miezi 2 hadi 3. Ukigeuza, okota mabuu manene meupe yaliyojikunja. Hao ni watoto wa chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi, na wewe ndiye unayemlea usipoangalia. Kuku wanawapenda. Nikimaliza nafunika kwa makuti, jua lisiikaushe wala mvua isiioshe.

Saa 6 mchana. Kivulini, kuchekecha mboji ya kitaluni. Jua hili halifai kwa miche.

Saa 9 alasiri. Chai ya samadi. Kilo 30 za samadi ya mbuzi ndani ya gunia lililofungwa, limening'inizwa kwenye pipa la lita 200 za maji. Hukorogwa kila baada ya siku 2 au 3, na baada ya wiki 2 iko tayari. Sehemu 1 ya chai kwa 2 za maji, nusu lita kwa kila shina, kila wiki 2. Humwagwa chini, kamwe si juu ya jani litakaloliwa, kwani pipa halipati joto la kuua vimelea. Usizidishe pia: jani laini kupita kiasi huvutia vidukari.

Saa 10 jioni. Kupandikiza sukuma. Fungu la mita 1 kwa 10, lililozama kidogo ili maji yasikimbie, linapata kilo 20 za mboji zilizochanganywa na sentimita 15 za juu. Kila shimo konzi 2, zilizovurugwa na udongo ili mzizi usiziguse moja kwa moja. Shina hadi shina sentimita 45, mstari hadi mstari 60.

Kuna wanaomwaga kilo 40 kwa mkupuo wakidhani wamemaliza. Mchanga wa pwani haushiki kitu. Masika yakipiga, naitrojeni inashuka kisimani. Mimi natia 20 wakati wa kupanda, kisha 10 pembeni mwa mashina kila baada ya wiki 4 za kuchuma. Samadi ni ile ile, lakini majani hutoka kwa muda mrefu zaidi.

Saa 12 jioni. Maji kwa miche, halafu matandazo ya nyasi kavu, vidole 3 mbali na shina ili lisioze.