Usiku wa matanga tulipobishania "prevent"

Babu alipofariki tulikesha kwa moto kule Kakamega hadi siku ya mazishi, na kama unayajua matanga ya kwetu unajua kuna kuimba, kuna chai, halafu kuna ile saa nane ya usiku jenereta imezimwa, kwaya imechoka, na watu wamebaki kubishana tu ndio wasisinzie. Siku hiyo ubishi uliletwa na binamu yangu wa Nairobi, yule wa kusoma Biblia ya King James kwa simu, ile ya 1611, ati ndiyo yenye nguvu. Akatusomea 1 Wathesalonike 4:15, kwamba sisi tulio hai "shall not prevent them which are asleep", halafu akatutafsiria mwenyewe: hatutawazuia waliolala.

Sasa wazuiwe wasiende wapi? Mzee mmoja wa kanisa akasema hapo ndipo penyewe, ndio maana hatufai kulia sana, machozi yanamfunga marehemu njia. Watu wakaanza kuitikia kabisa, yaani mafundisho mapya yalikuwa yamezaliwa hapo kwa moto na ningewaacha nusu saa nyingine wangeanza kutoza sadaka. Bahati nzuri kuna mama alikuwa na Biblia ya Kiswahili, akamulika na tochi, akasoma "hakika hatutawatangulia wao waliokwisha kulala mauti". Kutangulia! Binamu hakutetereka, akasema waliotafsiri Kiswahili walikosea. Kana kwamba Paulo aliandika Kiingereza.

Shangazi yangu alifundisha Kiingereza miaka mingi mpaka akastaafu, na muda wote huo alikuwa kwenye kiti cha plastiki amejifunika leso tukidhani amelala. Akaongea bila kufungua macho. "Wee kijana, prevent ni Kilatini. Prae ni mbele, venire ni kuja. Kuja mbele ya mtu. Hao wa 1611 walimaanisha kutangulia, Kiswahili kiko sawa." Akaeleza vile maana ilihama: mtu akikutangulia kwenye njia nyembamba anaweza kukuziba, basi polepole kuziba kukabaki na kule kutangulia kukasahaulika.

Binamu akaona apime bahati, akauliza kama Kiingereza cha zamani kilikuwa hivyo, sasa kuzuia walikuwa wanasemaje. Hapo shangazi akafungua macho, nadhani hakuna mwanafunzi aliyewahi kumuuliza.

"Let."

Tukacheka wote. Let si ni kuruhusu? Akamwambia afungue barua ya pili kwa hao hao Wathesalonike, 2:7, na kweli iko pale, "he who now letteth will let", na yule mama wa tochi akasoma yake ikasema "azuiaye". Kumbe katika Kiingereza cha kale yalikuwa maneno mawili tofauti, lettan la kuchelewesha na kuzuia, ni ndugu na "late", na lætan la kuacha au kuruhusu, sauti zikasogeleana mpaka yakafanana kabisa, na la kuzuia likashindwa likabaki vichochoroni. Kwa tenisi serve ikigusa wavu wanaita let, na pasipoti za Uingereza zinaomba mwenyewe apite "without let or hindrance", yaani bila kuzuiwa. Halafu akatupa ya Hamlet, yule wa mchezo wa Shakespeare, mzimu wa baba yake unamwita, wenzake wanamshika asiufuate, naye anaapa "I'll make a ghost of him that lets me". Yaani nitamgeuza mzimu, si anayeniruhusu, anayenizuia! Kusikia habari za mzimu wa baba saa hiyo, jeneza la babu liko hapo ndani sebuleni, kuna vijana walisogea karibu na moto na sitawataja.

Mzee wa kanisa akauliza kwa upole kama basi kulia kunaruhusiwa. Shangazi akamwambia alie tu, mstari huo hauhusiani na machozi yake.

Binamu bado alikuwa anabonyeza simu, sasa amekasirika. "Kwa hivyo prevent ni kutangulia na let ni kuzuia. Hawa wazungu walikuwa wanaongea nini, shangazi?"

"Kiingereza," akasema, akajifunika leso. "Ongeza kuni."