Diski imefika!

Jamani, leo mchana nimeipokea. La maschera del demonio, filamu ya kutisha ya Kiitaliano ya Mario Bava, ya 1960, kwenye Blu-ray.

Humo mna matoleo mawili: la awali lenye muziki wa Roberto Nicolosi, na la Marekani, Black Sunday, lililokatwakatwa na kutiwa muziki wa Les Baxter. Mimi nabaki na la awali, msinibishie.

Zamani niliiona kwenye kanda, giza tupu.

Leo kinyago chenye misumari kimebanduliwa usoni pa mwigizaji Barbara Steele, nikaona kila tundu la msumari kwenye ngozi. Nikarudisha nyuma. Nikaangalia tena.

Haina rangi hata moja, lakini mwili wote umenisisimka!

Nani mwingine anakusanya hizi za Kiitaliano? Nitajieni inayofuata, ila niambieni kwanza kama picha imesafishwa vizuri.