Punje nane za zambarau

Majibu ya maabara yamerudi leo. Mwezi mzima tulikuwa Shinyanga, tukichekecha mchanga wa makorongo makavu na kuuosha kwenye karai mpaka ubaki ule mweusi mzito. Mzee aliyetukodisha punda wa kubeba maji aliniuliza, "Mwanangu, almasi ziko wapi?" Nikamjibu hatutafuti almasi. Akanitazama kama mtu aliyechomwa na jua.

Lakini ndivyo ilivyo. Hata ndani ya kimbalaiti, mwamba unaopandisha almasi kutoka kina kirefu cha ardhi, kama ule wa Mwadui aliougundua mwanajiolojia John Williamson mwaka 1940, almasi ni adimu mno. Zinazosambaa ni garneti zake, punje za madini magumu ya rangi, nazo ndizo hutuongoza kwenye mwamba wenyewe. Sisi tulipata nane, za zambarau, ndogo kuliko ulezi.

Rangi haitoshi (nilishawahi kudanganywa nayo). Maabara huipiga kila punje kwa leza na kusoma kilichomo. Kromi nyingi na kalsiamu kidogo ni dalili njema. Ila mimi moyo wangu uko kwenye nikeli, inayohesabiwa kwa sehemu chache katika milioni: kadiri garneti ilivyokaa kwenye joto kali, ndivyo ilivyobeba nikeli zaidi. Kutoka kwenye joto unakadiria kina, na almasi hutaka kama kilomita 150 kwenda chini.

Kati ya nane zetu, sita zimetoka kina kifupi. Mbili ndizo za kina, na zote mbili zimetoka mkono wa mashariki wa korongo moja!

Jumatatu tunarudi. Nimempigia mzee simu, kaniuliza tu, "Punda wangapi?"